MBAVU ZAKO ZINA BAWABA: USIZIHARIBU KWA GUNIA MOJA

Ndugu mfanyakazi wa Manguredjipa,

Mara nyingi mtu hutoka shimoni akisema: «Kuna kitu kinanichoma mgongoni, nikivuta pumzi, panauma.» Mmoja husema ni mapafu, mwingine ni uchawi, wa tatu humkaza kifua kwa kitambaa. Kabla ya kumtafuta mchawi, tuangalie namna mwili ulivyojengwa.

Una mbavu 12 kila upande, na zote zimeshikamana nyuma na uti wa mgongo. Kichwa cha ubavu hukaa ubavuni mwa pingili. Mbavu 10 za juu zina kiungo cha pili, pale zinapogusa mkono wa pingili unaotokeza kando. Viungo hivi ni vidogo, vimefungwa kwa kano ngumu, navyo ni kama bawaba za mlango. Havipumziki kamwe. Ukivuta pumzi mara 15 kwa dakika, vinacheza zaidi ya mara 20,000 kwa siku.

Sasa inama, nyanyua gunia la mawe, kisha pinda kiwiliwili huku miguu imesimama palepale. Uzito wote unazisokota bawaba hizo. Zikiumia, kila pumzi inakuwa mwiba.

Utaniambia: «Sisi tunalipwa kwa gunia.» Ni kweli, na watoto wanangoja chakula. Lakini gunia moja zito lina faida gani likikulaza juma zima? Mimi nasema: gawanyeni mzigo, safari mbili badala ya moja, au mbebe wawili. Ukitaka kugeuka, geuza miguu kwanza. Nawe mkuu wa kikundi, usimpime mtu kwa ukubwa wa gunia lake. Mama unayebeba kuni na mihogo, shauri hili ni lako pia.

Usikaze kifua kwa kitambaa, maana pumzi fupi huyadhuru mapafu. Na kama umeanguka au umepigwa na jiwe, kama kifua kinabana, kama una homa, unakohoa majuma mawili, unatema damu, unakonda au miguu inalegea, usingoje: nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Huenda ni ubavu uliovunjika, kifua kikuu au moyo.

Dhahabu haikimbii. Gawa mzigo, ufike nyumbani ukipumua vizuri.