Vitabu vya Granada na sanduku la babu

 

Ndugu msomaji, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mwenyezi Mungu alinijaalia kusoma kwa muda mjini Granada, kusini mwa Hispania. Posho yangu ilikuwa ndogo, na nauli ya basi ya kila siku ingekula fedha ya chakula. Basi nikawa mtu wa kutembea kwa miguu. Qur'ani Tukufu inatuhimiza tusafiri katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Amri hiyo nilikuwa nimeisoma madrasa tangu utotoni, lakini miguu ndiyo iliyonifasiria.

Nilipanga chumba Albaicín, mtaa wa kale ulioko kilimani, mkabala na kasri la Alhambra. Aliyewahi kupita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hatajiona mgeni pale. Kando ya njia yamo mabirika ya kale ya maji ambayo Wahispania huyaita aljibe, kutokana na neno la Kiarabu al-jubb, yaani kisima. Bondeni, karibu na mto Darro, lipo hamamu la kale. Sokoni nilisikia watu wakisema azúcar, nikatambua ni sukari. Meya wao humwita alcalde, na asili ya neno hilo ni kadhi. Hata neno hasta, wanalolitumia kila dakika, ni ndugu wa "hata" yetu. Kihispania na Kiswahili havijuani, lakini kwa maneno hayo ni ndugu wa kunyonya.

Tena kuna jambo linalotugusa sisi wa pwani moja kwa moja. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Miaka kama ishirini baadaye alifika Granada, na huko akakutana na kijana mwandishi aitwaye Ibn Juzayy. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuziandika habari za safari zake. Kwa hiyo sifa za Sultani wa Kilwa, mtu aliyejulikana kwa ukarimu, zimetufikia kwa kalamu ya mtu wa Granada. Kama habari hizo zisingeandikwa, au kama kitabu kisingetunzwa, tungekuwa tumepungukiwa na sehemu kubwa ya historia yetu wenyewe.

Kutoka Albaicín nilizoea kushuka hadi kwenye uwanja wa Bib-Rambla. Leo ni mahali pazuri. Wapo wauza maua, na watu wanakunywa kahawa vivulini. Lakini historia yake ni nzito. Tarehe 2 Januari 1492 Sultani Abu Abdallah, wa mwisho wa Granada, aliukabidhi mji kwa wafalme wa Kikristo, kwa mkataba uliowaahidi Waislamu dini yao, misikiti yao na sheria yao. Mkataba haukudumu hata miaka kumi. Mwaka 1499 alifika Askofu Mkuu Cisneros, na katika muda mfupi vitabu vya Kiarabu kwa maelfu vikakusanywa na kuchomwa moto. Vya tiba vikaachwa kwa sababu ya faida yake. Mwaka 1567 lugha ya Kiarabu ikapigwa marufuku. Kati ya mwaka 1609 na 1614 wajukuu wa watu hao wakafukuzwa Hispania.

Waislamu wengi wanaozuru Granada husimama pale wakasikitika, kisha wakaondoka. Nami nilisikitika hivyo hivyo. Huzuni ya namna hiyo ina utamu wake, kwa kuwa lawama yote ni ya mwingine. Tunasahau kwamba kabla ya mji kuanguka, Abu Abdallah alipigana na baba yake, kisha na ami yake, huku adui akiteka ngome moja baada ya nyingine.

Niliporudi nyumbani nilikwenda kumzuru shangazi, katika nyumba ya marehemu babu yetu. Babu alikuwa mwalimu wa chuo, na alikuwa na sanduku la mbao lenye vitabu alivyovinakili kwa mkono wake. Utotoni nilikatazwa kuligusa. Safari hii nilikuja na hamu ya mtu aliyesoma ng'ambo, nikaomba nilifungue. Shangazi akaniambia kwa upole: "Mwanangu, mchwa walivimaliza zamani. Mabaki tuliyafukia kwa heshima."

Sikuwa na wa kumlaumu. Hapakuwa na askofu wala askari. Nilikuwa nimetembea miaka mingi nikitafuta elimu, na sanduku lile nililipita kila Idi bila ya kulifungua.

Huenda mtu akasema kwamba vitabu vya fiqhi vimejaa madukani, vimechapwa vizuri, ya nini karatasi kuukuu? Naam, matini yamechapwa. Lakini maelezo ya babu pembezoni mwa ukurasa, tarehe za ndoa na vizazi, majina ya walimu wake, na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hayo hayakuchapwa popote. Yakipotea, yamepotea.

Nasaha yangu kwa familia ni hii. Mwenye mtoto anayesoma ng'ambo asimuulize habari za mitihani na fedha peke yake. Amuulize pia ameona nini huko, na kimemkumbusha nini cha kwao. Na wewe uliye nyumbani, kama kuna sanduku la wazee, lifungue wiki hii. Liinue kutoka sakafuni, uliweke pakavu, uandike vitabu vilikuwa vya nani, na umkalishe mtoto karibu na mzee anayeweza kuvisoma. Mkishindwa kuvitunza, zipo Nyaraka za Taifa za Zanzibar na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako hati za namna hii huhifadhiwa.

Moto wa Bib-Rambla hatukuweza kuuzima. Mchwa wa nyumbani kwetu tunaweza kuwazuia, tena kabla ya Ijumaa ijayo.