Kemisti, Usiniuzie Inhela Kama Unaniuzia Kredo

Ukinunua simu hapa Kangundo mjini, jamaa wa duka atakuwekea laini, atakubandikia kioo, hata atakuonyesha tochi iko wapi. Ukinunua inhela unapewa kwa mfuko wa kaki, juu ya boksi kumeandikwa "2 x 3", halafu anaitwa anayefuata. Manze, kati ya hizo mbili, ni gani ukikosea kuitumia unaweza kufa?

Susu yangu ana pumu. Miezi mingi alikuwa na ile inhela ya bluu, salbutamol, na bado alikuwa anakohoa usiku kucha. Tukasema dawa ni feki. Tukalaumu kuni, tukalaumu baridi ya Julai (jirani mmoja akalaumu jirani mwingine, hiyo niachie). Siku moja mfamasia wa kemisti ingine, huko Tala, akamwambia, "Susu, hebu vuta nikuone." Susu akapanua mdomo, akajipulizia ulimi kama mtu anajipaka marashi. Dawa ilikuwa sawa kabisa. Ni vile ilikuwa inaishia kwa mate.

Kumfunza hakukumaliza dakika tano. Tikisa. Toa pumzi yote. Bana midomo. Ukianza kuvuta polepole ndio unabonyeza, unaendelea kuvuta hadi kifua kijae, unashikilia kama sekunde 10. Pumzika kidogo kabla ya kurudia. Vidole na pumzi vikikosa kuelewana, kuna spesa. Na usiniambie spesa ni bei: mwaka wa 1999 watafiti wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikirekebishwa vizuri, iliwasaidia watoto wenye shambulio la pumu sawa na spesa ya kununua. Chupa ya soda, wasee!

Najua mtasema foleni ni ndefu. Sawa. Lakini sheria inataka dawa zitolewe na mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Cheti chake kimetundikwa ukutani, yeye mwenyewe yuko wapi? Kama kazi ni kupokea pesa na kurudisha chenji, hata mimi niliyeacha chuo naiweza.

Na wewe mwenye pumu, usitoke kaunta. Akuonyeshe, kisha uvute yeye akikuangalia. Akisema hana time, vuka barabara uende kemisti ya ng'ambo. Susu siku hizi akishikilia pumzi anahesabu na vidole kwa Kikamba, na akifika ikumi ananiangalia kama mimi ndiye nilikuwa nakosea.