Nilimuua Letho Bila Kumjua

Muhula uliopita, wiki moja baada ya UE, nilimuua mtu kwa kubonyeza jibu moja. Nilikuwa kitandani hosteli, kompyuta mapajani, feni inazunguka lakini upepo hakuna. Kwenye skrini, Geralt wa Rivia amekaa kwenye kiti ananyolewa ndevu katika kasri la Vizima, na jenerali mmoja wa Nilfgaard anamuuliza mambo yaliyopita. Ulimsaidia nani, Roche au Iorveth? Na Letho je, yuko hai? Mimi nilikuwa nimeanza mfululizo wa The Witcher na gemu la tatu moja kwa moja, kwa hiyo majina yote hayo kwangu yalikuwa kelele tu. Nikajibu harakaharaka ili tuondoke pale: Letho amekufa. Ndevu zikaisha, tukasonga mbele.

Mwenzangu wa chumbani akainua kichwa kutoka kitanda cha juu. "Mwanangu, umemuua Letho?"

"Letho ndiyo nani?"

Akacheka, kisha akanyamaza. Ule ukimya ulinikera kuliko kicheko chenyewe.

Makala hii inatokana na ukimya ule, na ubishi ambao kwenye korido yetu hauishi: magemu ya mfululizo yachezwe kwa mpangilio, au mtu aanze anapotaka? Nitazungumzia hasa The Witcher kwa sababu ndilo ninalolijua. Kama bado hujacheza na hutaki kuambiwa yanayotokea, ruka hadi ukurasa unaofuata, hatutagombana.

Nianze kwa kuwatetea watu wa upande niliokuwa mimi, maana si wavivu kama wanavyosemwa. Gemu la kwanza lilitoka 2007, la pili 2011, la tatu 2015. Hili la tatu, ukifuata hadithi kuu peke yake, litakula saa kama 50, na ukianza kushika kazi za pembeni zinaongezeka mara dufu. Sisi tuna testi, tuna asaimenti za kikundi ambazo wanakikundi hawaonekani, tuna bumu linaloisha kabla ya mwezi. Kumwambia mwanafunzi kwamba ili ale wali lazima kwanza alime mpunga, jamani, ni kumfukuza mezani.

Na gemu la kwanza, tuwe wakweli, limezeeka. Limejengwa juu ya injini ya watu wengine, ile Aurora ya BioWare. Upanga unaupiga kwa kubonyeza kipanya kwa kuvizia wakati. Sura ya pili unatumwa kwenye kinamasi nje ya Vizima, unarudi mjini, unatumwa tena kinamasini, mpaka unajiuliza kama wewe ni mwindaji wa mazimwi au bodaboda. Kwenye korido yetu nawajua wawili walioapa kwamba wao wataanza namba moja kama watu wastaarabu. Wote wawili walizama kwenye kinamasi kile. Hadi leo hawajawahi kukutana na Ciri. Mpangilio umewanyima gemu lenyewe walilokuwa wanalitafuta.

Kuna hoja nyingine ambayo watu wa mpangilio huwa hawapendi kuisikia. Hiyo namba moja yenu nayo si mwanzo. Andrzej Sapkowski, mwandishi wa Poland, alichapisha hadithi fupi ya kwanza ya Geralt kwenye jarida la Fantastyka mwaka 1986. Riwaya tano za mfululizo mkuu zikatoka kuanzia 1994 hadi 1999. Magemu ya CD Projekt Red yanaanza baada ya riwaya hizo kumalizika. Sasa wewe uliyeanza na gemu la kwanza na kunicheka mimi, nawe umeingia ukumbini watu wakiwa wameshakula keki. Waandishi wa gemu walilijua hilo, wakamfanya Geralt awe amepoteza kumbukumbu ili yeye na mchezaji waanze kuuliza maswali pamoja.

Kwa hoja hizo nilikuwa nashinda kila ubishi. Kilichonibadilisha ni Kaer Morhen.

Wote wawili tulifika pale, mimi na mwenzangu, kila mtu kwa kompyuta yake. Ni vita kubwa ya ngome, Geralt anakusanya kila rafiki aliye naye ili kumlinda Ciri. Kwenye vita ya mwenzangu alikuwepo jamaa mmoja mwenye upara, mwili kama lori, anapigana upande wetu. Mimi kwangu hakuwepo. "Huyo nani?" nikauliza. "Huyo ndiye uliyemuua wakati unanyolewa."

Likizo nikarudi nyumbani na gemu la pili. Lilikuwa limeshushwa bei, nikalipata kwa hela ya chipsi mayai. Letho anamuua Foltest, mfalme wa Temeria, na Geralt ndiye anayebebeshwa kesi. Gemu zima unamsaka. Katikati unachagua kati ya Roche, kamanda anayetaka kulipiza kisasi cha mfalme wake, na Iorveth, mpiganaji wa msituni anayewatetea waelfu na wadwafu. Huo si uchaguzi wa kupamba. Sura ya pili yote inabadilika: kambi nyingine, watu wengine, kazi nyingine. Ukicheza mara moja tu hujaona gemu zima.

Mwishoni unampata Letho, na badala ya kuchomoa upanga, anakaa chini na kukusimulia. Kumbe Geralt, kabla ya kupoteza kumbukumbu, alimwokoa Letho maisha yake. Kumbe Letho na wenzake walipanda farasi pamoja na Geralt kuwafukuza Wild Hunt waliomchukua Yennefer. Kumbe Geralt alipojitoa mwenyewe ili Yennefer aachiwe, Letho na wenzake ndio waliobaki wakimtunza mwanamke huyo. Baada ya maelezo hayo unaachiwa uamuzi: upigane naye, au umwache aende zake.

Sasa kumbuka gemu la tatu linavyoanza. Geralt na mzee Vesemir wako barabarani wanamtafuta Yennefer. Mimi nilitumia saa zote za mwanzo kumtafuta huyo Yennefer, nilipompata nikafurahi, na dakika chache baadaye, kwenye kiti cha kinyozi, nikamfuta duniani mtu aliyemtunza. Sikumfuta kwa sababu nilimchukia. Nilikuwa na haraka tu. Kule likizoni nikamwacha Letho aende zake, lakini kwenye gemu langu la tatu alikuwa ameshazikwa kitambo.

Ndiyo maana leo swali la "kwa mpangilio au hapana" naliona limekaa vibaya. Kabla hujaanza gemu lolote la mfululizo, uliza hivi: gemu hili linanikumbuka? Yaani nilichoamua kule nyuma kitanikuta huku mbele? Kama ndiyo, fuata mpangilio. Kama hapana, anza unapopenda na asikusumbue mtu.

Chukua The Elder Scrolls. Kati ya matukio ya Oblivion na ya Skyrim imepita miaka 200 na ushee, na shujaa ni mwingine kabisa. Anza na Skyrim kwa amani. Final Fantasy lilianza 1987, na magemu mengi yenye namba yana dunia yake na watu wake, kwa hiyo anayekwambia uanzie la kwanza kabla ya la kumi anakuonea. Lakini X-2 ni mwendelezo wa X, hapo mpangilio una maana. Dragon Age ndiyo usicheze nalo: uliyemcheza kama shujaa kwenye gemu la pili, Hawke, unamkuta tena kwenye Inquisition, na maisha yake yanaweza kuwekwa mkononi mwako. Usipomjua, utaamua kama mimi nilivyoamua kwa kinyozi.

Kwa kipimo hichohicho, The Witcher la kwanza unaweza kuliruka. Vinavyovuka kutoka humo kwenda la pili ni vichache na vidogo. Ukipenda lirudie baadaye, ukiwa na muda na uvumilivu wa kinamasi. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba linatengenezwa upya, hivyo huenda kusubiri kukakulipa. Lakini la pili kabla ya la tatu, hapo sina mjadala tena. Ni fupi kuliko la tatu kwa mbali na halihitaji kompyuta ya kutisha.

Mwenzangu aliposoma rasimu hii alinipinga, na ana haki. Yeye alimfuata Iorveth gemu zima la pili, akampigania, na kwenye la tatu Iorveth haonekani kabisa. "Mimi nimefuata mpangilio na bado wamenisahau," alisema. Ni kweli. Gemu la tatu limekumbuka machache kuliko lilivyopaswa, na waliolalamika hawakukosea. Lakini nikamwambia, wewe walau unajua aliyekosekana. Mimi nilikosa mtu na sikujua kwamba nimekosa. Kati ya hasara hizo mbili, afadhali yako.

Najua kuna atakayesema hizi ni picha tu, Letho hana mama wa kumlilia. Sawa. Ila kilichoniuma si Letho. Ni kwamba niliulizwa swali kuhusu mtu nisiyemjua, nikaona aibu kusema sijui, nikajibu. Tabia hiyo sikuipata kwenye kompyuta. Nilikwenda nayo.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesubiri matokeo ya UE yatoke na huna la kufanya: anza na la pili. Na kama umeshaanza na la tatu, huna namna, ukifika kwenye kile kiti cha Vizima usiwe na haraka. Msimamishe jenerali, nenda chumba cha pili ukaulize mtu aliyecheza. Jenerali atasubiri, hana testi kesho.

Mimi nimeanza upya wiki hii. Ndevu zimenyolewa, swali limeulizwa, nimejibu yuko hai. Mwenzangu hakuinua hata kichwa.