Waluguru walijua wa kumwambia hapana

Mwezi Julai 1955, huko Matombo, mashariki mwa Milima ya Uluguru, wakulima Waluguru walikusanyika mbele ya watawala wao kukataa matuta. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru uliomtaka kila mkulima achimbe matuta ya ngazi kwenye shamba lake la mteremkoni, ili udongo usimomonyoke na kujaza mito. Wataalamu hawakuwa wakisema uongo: mvua ya Uluguru ni kubwa, miteremko ni mikali, na maji ya Ruvu na Ngerengere hutoka huko. Lakini kazi yenyewe ililazimishwa kwa sheria ndogo na faini, udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa ukabaki wa chini usiootesha kitu, na wengi waliamini kwamba ardhi ya ukoo ikishachongwa vizuri itachukuliwa. Mkutano ukageuka vurugu, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ukaachwa, na TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu izaliwe Julai 7, 1954, ikapata masikio milimani.

Nusu karne baadaye, katika miteremko ya Kibungo Juu kwenye vyanzo vya Ruvu, matuta yalirudi. Safari hii wakulima waliyachimba wenyewe. Mashirika ya CARE na WWF yalikaa na vijiji, wakulima waliotaka ndio walioingia, na watumiaji wa maji walio mbali, shirika la maji DAWASCO la Dar es Salaam na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, walikubali kuchangia malipo kwa anayetunza mteremko. Milima ilikuwa ileile, jembe lilelile, na hata sababu ya kitaalamu ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa kikao. Mwaka 1955 mkulima aliambiwa. Miaka ya 2000 aliulizwa, na jibu lake lilikuwa na uzito. Nayarejesha mambo haya mawili kwa sababu mjadala wetu kuhusu vijana na siasa umejifunga kwenye swali la chombo, yaani simu na mitandao, wakati swali zito ni lile la Matombo na Kibungo Juu: nani anauliza, nani analazimika kujibu, na jibu linaandikwa wapi.

Kijana wa leo wa Kinole, Bunduki au Kihonda, hapa Morogoro, ana nguvu ambayo wazee wa Matombo hawakuwa nayo. Kwa bando la siku moja anaweza kurekodi daraja lililosombwa, kulirusha, na ndani ya saa chache mtu wa Mwanza au Muscat akaliona. Nguvu hiyo si ya kubeza. Kwa mujibu wa sensa ya 2022, Watanzania tulikuwa 61,741,120, na Mkoa wa Morogoro peke yake ulikuwa na watu zaidi ya milioni tatu. Wenye umri wa kati ya miaka 15 na 35 ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya taifa. Kundi kubwa kiasi hicho likiwa na mahali pa kusemea, hilo ni jambo la heri. Tatizo ni kwamba sauti inayorushwa mtandaoni huenda kwa kila mtu, na kwa hiyo hakuna mtu hata mmoja anayewajibika kuijibu. Video ya daraja itapendwa na kusambazwa, kisha itazikwa na video ya kesho. Mtendaji wa kijiji hakuwekwa na sheria yoyote ajibu video. Amewekwa ajibu mkutano.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Sheria za serikali za mitaa za 1982 zinampa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 kiti katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Mkutano huo unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mijini, mkutano wa mtaa huitishwa kila baada ya miezi miwili. Hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi hutakiwa kusomwa, na hapo ndipo mwenyekiti huulizwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakwenda mbali zaidi: halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano huo. Tafakari uzito wa kifungu hicho katika milima ambako watu walikabili risasi kwa kuogopa kupokonywa ardhi ya ukoo. Kilichodaiwa kwa damu mwaka 1955 sasa kimo katika kitabu cha sheria, na anayekimiliki ni pamoja na kijana aliyetimiza miaka 18 wiki iliyopita. Hahitaji kadi ya chama, shahada, wala wafuasi elfu kumi.

Najua jibu ambalo vijana wengi watanipa, nalo lina ukweli: mikutano hiyo imekufa. Kuna vijiji ambako mwaka huisha bila mkutano, au mkutano huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, wakati dereva wa bodaboda yuko barabarani na mkulima wa Mgeta anapakia kabichi na karoti za kushuka sokoni. Taarifa ya fedha husomwa haraka, kwa mafungu ambayo msikilizaji hawezi kuyakumbuka akifika nyumbani. Kijana akisimama kuuliza, huambiwa asubiri wazee wamalize. Sikatai hata neno moja la malalamiko hayo. Lakini angalia yanahusu nini: tangazo lisilofika, taarifa isiyohifadhiwa, swali lisilo na kumbukumbu. Haya yote ni magonjwa ambayo simu inayaweza. Kundi la WhatsApp la kijiji linaweza kutangaza tarehe ya mkutano wiki mbili kabla, na kuuliza hadharani kwa nini robo imepita bila tarehe. Picha ya ubao wa matangazo ya Machi ikiwekwa kando ya picha ya Juni, pengo la fedha linaonekana bila kumtukana mtu. Muhtasari ukipigwa picha siku uliposainiwa, hautabadilika njiani. Kijana aliyehamia Dar es Salaam kuuza mboga za nyumbani kwao hawezi kupiga kura katika mkutano wa huko milimani, ila anaweza kumsaidia mdogo wake kusoma bajeti ya halmashauri na kuandaa swali. Kazi ya simu iwe kuupeleka umma mkutanini na kuutunzia kumbukumbu. Ikiwa mbadala wa mkutano, inamwacha mtendaji akipumzika kivulini.

Wengine watasema mambo ya kijiji ni madogo, na kwamba kijana wa kizazi hiki anataka kuzungumzia katiba, ajira na uongozi wa nchi. Azungumzie, ni haki yake. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda maoni yake na Ibara ya 21 inalinda ushiriki wake katika mambo ya nchi. Lakini anayeishi chini ya Uluguru hapaswi kuamini kwamba mambo ya kijiji ni madogo. Shamba likifunguliwa kwenye kingo za kijito juu ya Bigwa, tope lake linashuka mjini. Maji ya Bwawa la Mindu, yanayonywewa Manispaa ya Morogoro, na maji ya Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam, yanategemea maamuzi yanayofanywa na watu wachache waliokaa kwenye benchi katika ofisi ya kijiji. Hata fedha zipo karibu kuliko vijana wanavyodhani. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya kasoro katika usimamizi, ikarejea mwaka uliofuata. Kikundi gani kilipewa, kiasi gani, na kimerejesha kiasi gani? Maswali hayo ni ya siasa za nchi kikamilifu, na wa kuyajibu anapatikana kwa nauli ya bodaboda.

Pingamizi zito zaidi ni la hofu, na mwandishi asiyeligusa atakuwa anawadanganya vijana. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, chama kimoja kilipata zaidi ya asilimia 98 ya viti, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Septemba mwaka huohuo jukwaa la mtandaoni la JamiiForums likasimamishwa kwa siku 90. Siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima huku vijana wakiwa barabarani, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakafa, na serikali baadaye ikaunda tume ya kuchunguza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 iko palepale. Kijana akiuliza kwa nini ahatarishe jina lake mkutanini wakati nchi imeonyesha ukali wa namna hiyo, anauliza swali la haki. Kuzima mawasiliano ya watu milioni 60 ilikuwa kosa. Aliyezima alimnyima mama wa Turiani simu ya kumtafuta mwanawe na alimnyima mfanyabiashara malipo yake, na hakuna hata swali moja la vijana lililopata jibu kwa giza lile. Serikali inayotaka vijana waache kupayuka mtandaoni ina wajibu wa kwanza wa kuhakikisha mlango mwingine uko wazi, na kwamba anayeupita harudi nyumbani na alama mgongoni.

Hata hivyo, siku zile zimetufundisha jambo lingine pia. Siasa inayoishi ndani ya simu peke yake inaweza kufungwa kwa amri moja ya ofisini. Mkutano Mkuu wa Kijiji hauna swichi. Marufuku ya mikutano ya hadhara ya vyama, iliyowekwa mwaka 2016 na kuondolewa Januari 2023, haikuugusa, kwa sababu si mkutano wa chama. Ni chombo cha dola kinachomilikiwa na wakazi. Na hilo ndilo jibu langu pia kwa wanaosema kwamba mkutano unaoongozwa na mwenyekiti wa chama kimoja hauna maana. Mwenyekiti ni wa chama, lakini sakafu ni ya wote. Vijana arobaini waliosoma taarifa kabla ya kufika wana uzito katika kikao cha watu mia, hata kama hakuna hata mmoja wao aliye na cheo. Tena swali kuhusu shilingi za mradi wa maji ni gumu kuitwa uchochezi.

Watakaonitajia Kenya nawakaribisha, maana Kenya inanisaidia. Juni 2024 vijana wa huko, bila chama wala kiongozi mmoja, waliutikisa Muswada wa Fedha hadi Rais William Ruto akakataa kuutia saini, siku moja tu baada ya waandamanaji kuingia Bungeni Juni 25. Wengi wetu tuliona moshi na risasi, na vifo ambavyo hakuna ushindi unaovifidia. Kilichotangulia moshi hakikutazamwa sana. Vijana wale walichukua muswada wenyewe, wakaufafanua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, wakasambaza namba za simu za wabunge, na wakajua tarehe ya kura. Mtandao wao ulikuwa na anwani: watu maalumu, hati maalumu, siku maalumu. Kelele zisizo na hati zingepita kama upepo. Sisi tuna hati za namna hiyo kila robo mwaka, katika vijiji zaidi ya 12,000, na nyingi hazijawahi kusomwa na kijana hata mmoja.

Morogoro ina sababu ya pekee ya kuanza. Mzumbe, kabla haijawa chuo kikuu, ilifunguliwa mwaka 1953 kuwa shule ya serikali za mitaa, kuwafundisha machifu, makarani na madiwani jinsi ya kutawala. Ilikuwa miaka miwili kabla ya Matombo: chini ya milima, watawala walikuwa wakifundishwa kutoa amri, na juu ya milima, watawaliwa walikuwa wakijifunza kuzikataa. Leo Mzumbe inafundisha vijana kutoka nchi nzima, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinawafundisha wengine udongo, misitu na maji, kikitazamana na mlima uleule. Elimu hiyo ya pande mbili imekutana mahali pamoja baada ya miaka 70. Mwanafunzi wa utawala anayeweza kuifafanua bajeti ya halmashauri kwa Kiswahili cha sokoni, kwa dakika tatu za sauti zinazosambazwa kwenye makundi ya kata, atakuwa amefanya siasa ya maana kuliko mabishano ya usiku kucha kuhusu viongozi ambao hawatamsoma.

Kwa halmashauri zetu, ya Manispaa na ya Wilaya: wekeni ratiba ya mikutano ya mwaka mzima hadharani, itisheni jioni au siku ya mapumziko, na bandikeni taarifa ya fedha siku saba kabla ya kusomwa. Kwa ninyi vijana wa Matombo, Mgeta, Bigwa na Kihonda: robo hii haitaisha kabla sheria haijadai mkutano wenu. Ulizeni tarehe yake leo, kwa maandishi, kwenye kundi ambalo mwenyekiti yumo. Kisha fikeni, kaeni mbele, na mtu mmoja wenu asimame aombe taarifa ya mapato na matumizi ya robo iliyopita.