Maghala Yetu Yasigeuke Makaburi ya Vitu

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Methali hii imewafaa wengi, hasa katika nchi ambamo mvua huweza kukawia na karo isingoje. Hata hivyo, yafaa tuichunguze upya, kwa sababu siku hizi imegeuzwa kisingizio cha kurundika. Katika Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti mwaka wa 2024, kuna vitu vingi vilivyofungiwa vyumbani kwa jina la akiba ilhali vinaoza mchana na usiku.

Huko Marekani, tangu miaka ya 1960, pamekuwa na biashara ya kukodisha vyumba ambamo mtu huweka vyombo asivyovihitaji kwa wakati huo, akafunga kwa kufuli lake na kwenda zake. Biashara hiyo imekwisha kufika Nairobi. Hapa kwetu ina sura ya kienyeji zaidi: chumba cha nyuma ya duka, kontena lililotiwa mlango, au stoo ya jirani. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayekwenda likizo ndefu hutafuta pa kuweka godoro na meko yake. Mtumishi wa umma aliyehamishwa ghafula hutafuta pa kuweka makochi. Haja hiyo ni ya kweli, wala hapana wa kuibeza. Swali langu ni hili: vitu hivyo vikishaingia, hutoka lini, na hutoka kwenda wapi?

Lugha yetu ina mengi ya kutufunza hapa. Wakulima wa kale walikuwa na kihenge, yaani kapu kubwa lililosukwa kwa ajili ya nafaka, na uchaga, yaani dari ya kukaushia mazao. Baadaye tukapata ghala kutoka Kiarabu, na stoo kutoka Kiingereza. Maneno haya hutumiwa kana kwamba ni sawa, lakini mazoea yaliyofungamana nayo si mamoja. Kihenge kilijazwa wakati wa mavuno na kumalizwa kabla ya mavuno mengine. Kilipochakaa, fito na ufito wake vilirudi ardhini bila kumdhuru mtu. Kilikuwa na mzunguko wake. Stoo haina mzunguko. Kitu huingia stoo ili kisionekane, na kisichoonekana husahauliwa.

Vivyo hivyo, neno urejelezaji, ambalo wenzetu wa Tanzania wanalitumia sana kwa maana ya kuzigeuza taka kuwa mali tena, limenyambuliwa kutoka kitenzi rejea. Maana ya msingi ni kurudi. Basi kitu kilichofungiwa miaka kumi hakijarejelezwa, hata kama hakijatupwa jaani. Kimeahirishwa tu. Taka iliyoahirishwa ni taka bado, na mara nyingi ni mbaya zaidi kuliko ilivyokuwa siku ya kwanza.

Tuchukue mfano ulio karibu na walimu. Mwaka wa 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi na kompyuta katika shule za msingi za umma. Chuo Kikuu cha Moi, kikishirikiana na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, kilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo, na kiwanda cha kuunganisha vifaa hivyo kikawekwa hapa Eldoret. Nchini kote viligawiwa vifaa zaidi ya milioni moja. Leo, katika shule si haba, vifaa hivyo vimelala kabatini nyuma ya milango ya vyuma, vikilindwa na bawabu kuliko vinavyotumiwa na watoto.

Betri ya lithiamu haipendi kulazwa. Ikikaa muda mrefu bila chaji, hupoteza nguvu zake, na pengine huvimba. Ikitobolewa au kupondwa, yaweza kushika moto. Ndani ya betri nyingi za aina hiyo mna kobalti, madini ambayo sehemu kubwa yake duniani huchimbwa Kongo, kwa jasho la majirani zetu. Kwa hiyo kishikwambi kinachofia kabatini ni hasara mara tatu: mtoto hakukitumia, madini yake hayakurudi kiwandani, na chumba kimewekwa hatarini. Nairobi kuna kituo cha WEEE ambacho hupokea na kufumua vifaa vya elektroniki vilivyokufa. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua kabati, kuhesabu, na kupeleka.

Mfano wa pili ni vitabu. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023, na kwa hiyo vitabu vya shule ya msingi vya mfumo wa 8-4-4 vimepoteza kazi yake darasani. Vimekwenda wapi? Vingi vimepangwa sakafuni katika vyumba vyenye unyevu, vikingoja mchwa. Kitabu cha ufahamu cha Kiswahili hakikosi maana kwa kuwa mtaala umebadilika. Hadithi yake yaweza kusomwa katika maktaba ya mtaa au nyumbani kwa mtoto asiye na kitabu chochote. Kile kisichofaa kusomwa, karatasi yake yaweza kupondwa na kufanywa karatasi tena, na hata mara kadhaa kabla nyuzi zake hazijachoka. Lakini karatasi iliyoota ukungu na kuliwa na mchwa haimfai msomaji wala mwenye kiwanda. Kuchelewa ndiko kunakoifanya mali kuwa taka.

Masimulizi ya mji wetu, uliowahi kuitwa Sitini na Nne kwa namba ya shamba ulipoanzia, yanasema kwamba kasha la fedha la benki ya kwanza lilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, likawa zito mno kuinuliwa, na ikabidi benki ijengwe palepale likilizunguka. Twaweza kuicheka hadithi hiyo. Lakini ni shule na ofisi ngapi zinazofanya mambo yaleyale leo? Chumba ambacho kingekuwa maktaba kimejaa madawati yaliyovunjika miguu, kisha wazazi wanaombwa mchango wa kujenga chumba kingine. Tunajenga kwa kuizunguka mizigo yetu.

Wakuu wa shule wana jibu lao, nalo si la kupuuzwa. Husema kwamba mali ya umma haiguswi ovyo, na kwamba mkaguzi wa hesabu akija na kukuta dawati moja halipo, mwalimu ndiye atakayejibu. Ni kweli. Lakini Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka wa 2015 haikuamuru vitu vifungiwe milele. Imeweka njia zake: kukipa kitu taasisi nyingine ya umma, kukiuza kwa zabuni au mnada, kukitoa kwa muuzaji kama sehemu ya bei ya kipya, au kukiangamiza kwa utaratibu. Inataka kamati, orodha na saini. Wahenga walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye daftari safi hana cha kumwogopa mkaguzi. Anayestahili kuogopa ni yule ambaye mali yake imeozea chumbani bila hata kuandikwa.

Wapo pia watakaosema kwamba kurundika ni desturi ya watu maskini, kwamba sisi hatutupi kwa sababu hatujui kesho itakuwaje. Mimi naona wamechanganya mambo mawili. Tazama fundi wa jua kali. Pipa kuukuu kwake ni jiko, gurudumu lililokwisha ni kandambili, chuma chakavu ni jembe. Gunia lililobeba sukari jana linaanikiwa mahindi leo. Huyu ni maskini kuliko mwenye stoo, lakini kitu hakilali kwake. Uwekevu ni kukizungusha kitu hadi kimalize manufaa yake. Kukifungia ni ubadhirifu uliovaa nguo za uwekevu.

Wenye biashara ya kukodisha vyumba nao wana wajibu wao. Inafaa mteja aambiwe tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, kitakachofanyiwa vyombo vyake asiporudi. Nchi hii ina Sheria ya Uuzaji wa Mali Isiyochukuliwa na Wenyewe, na matangazo yanayoitaja tunayasoma magazetini. Isitumiwe kuuza tu kile chenye bei na kumwaga kilichobaki kando ya mto Sosiani. Godoro zima lipelekwe kwa anayelala chini; vyuma viende kwa mnunuzi mwenye leseni; maboksi ya mteja aliyeondoka apewe mteja anayeingia; betri na taa zitengwe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 imekwisha kututaka sote tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Kwa mwenye vyumba vya kukodisha, hilo si jambo la gharama kubwa. Ni mapipa machache na mtu mmoja mwenye daftari.

Kwenu walimu na wanafunzi, pendekezo langu ni dogo. Kila mwisho wa mwaka, stoo ya shule ifunguliwe hadharani. Wanafunzi waandike kilichomo kwa Kiswahili sanifu: kinachofanya kazi, kinachotengenezeka, kilichokufa. Patakuwa na somo la msamiati, la hesabu na la uraia kwa mpigo mmoja. Kisha orodha hiyo ipelekwe kwa halmashauri ya shule, nayo iamue kabla ya muhula kuanza kitu gani kitabaki, kipi kitapewa fundi na kipi kitaondolewa kwa mujibu wa sheria. Akiba haiozi kwa mwenye kuikagua. Asiyeikagua hana akiba. Ana ufunguo tu.