Tela kuyumba si mkosi, ni upangaji wa mzigo

Nataka kuwaeleza wananchi wenzangu jambo linalohatarisha maisha yetu vijijini, nalo ni matela yanayovutwa na pikapu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbekenyera, Wilaya ya Ruangwa. Sina gari wala si fundi. Ninaandika kwa sababu kosa ninalotaka kulieleza nililitenda mimi mwenyewe, na wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Siombi pole, naomba tusikilizane.

Wasomaji wa mijini huenda wakajiuliza tela lina umuhimu gani. Huku kusini lina umuhimu mkubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao wa karanga, Nachingwea ikiwa moja ya sehemu zilizochaguliwa, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, na reli yenyewe ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Tangu hapo kila gunia la korosho, ufuta na mbaazi hutoka kwetu kwa njia ya barabara. Lori haliingii kila kitongoji, tena kulikodi ni ghali. Kwa hiyo mwenye pikapu hununua au huunda tela la magurudumu mawili, akabeba mzigo mara mbili kwa safari moja. Hilo ni jambo la maendeleo wala silipingi. Ninalopinga ni kulivuta bila kujua linavyofanya kazi.

Msimu mmoja shule ilihitaji saruji ya kumalizia chumba cha darasa. Jirani mwenye pikapu alijitolea, nami nikapewa kazi ya kusimamia upakiaji. Mifuko ilikuwa 20 ya kilo 50, yaani kilo 1,000. Nikaona ni busara kuipanga nyuma ya tela, karibu na mlango, ili kuishusha kuwe rahisi. Tulipomaliza, mkono wa tela ulikuwa mwepesi kiasi kwamba wanafunzi wawili wa darasa la saba waliuinua wakautia kwenye ndoano ya pikapu bila kutoa jasho. Niliwasifu. Niliona tumefanya kazi ya kitaalamu.

Tulipofika kwenye mteremko, tela lilianza kutikisa mkia kushoto na kulia, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Dereva akakanyaga breki. Tela halikuwa na breki zake, likaisukuma pikapu kwa nyuma na kuigeuza ubavu. Pikapu iliingia mtaroni, tela likapinduka, na utingo aliyekuwa juu ya mifuko akavunjika mguu. Wale wanafunzi wawili walikuwa wameomba lifti juu ya tela, nikawakatalia kwa sababu tu walikuwa na zamu ya kufagia. Sikuwakatalia kwa kuwa niliona hatari. Jambo hilo hunikosesha usingizi mpaka leo.

Jioni ile watu walisema kona ile ina mkosi. Wengine walimlaumu dereva. Fundi mmoja mzee, aliyekuja kusaidia kulinyanyua tela, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, mzigo uliuweka mbele ya ekseli au nyuma yake?" Nilipomjibu, alitikisa kichwa akaendelea na kazi yake.

Nikajionea aibu, maana nyenzo ninazifundisha darasani kila mwaka. Huwachorea watoto egemeo, mzigo na jitihada, na kuwaonyesha kwamba ubao wa kubembea huelekea upande ulioelemewa. Tela la magurudumu mawili ni ubao huo huo, na ekseli ndiyo egemeo. Mzigo ukikaa nyuma ya egemeo, mkono wa mbele huinuka. Basi wepesi ule niliousifu ulikuwa ndio dalili ya hatari. Tela lisiloikandamiza ndoano halina kinachotuliza mkia wake. Likisukumwa kidogo na shimo au upepo, mzigo ulioko nyuma hulizungusha, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo linavyoyumba zaidi.

Kanuni wanayoifuata madereva wa matela ya namna hii ni kwamba mkono wa tela uikandamize ndoano kwa sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote wa tela na mzigo wake. Tela letu tupu lina kilo 300. Ukijumlisha saruji kilo 1,000, unapata kilo 1,300. Kwa hiyo mkono ulitakiwa kuwa na uzito wa kilo 130 hadi 195.

Sikutaka kuamini kwa maneno matupu. Tela lilipotengenezwa, tuliomba mizani ya kupimia magunia ya korosho. Tuliliweka tela mahali tambarare, tukazuia magurudumu kwa mawe, tukauegesha mkono juu ya gogo lililosimama kwenye mizani, kwa kimo kile kile cha ndoano. Lilipokuwa tupu, mizani ilisoma kilo 30. Tukapakia mifuko kama siku ile ya ajali, na mizani ikashuka hadi kilo 10. Kilo 10 kwa tela la kilo 1,300! Kisha tukaisogeza mifuko yote mbele sentimita 35 tu, na mizani ikasoma kilo 150. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita anaiweza: kutoka ndoano hadi ekseli ni mita 2.5, hivyo kila ukiusogeza mzigo wa kilo 1,000 sentimita 10 mbele, unaongeza kilo 40 kwenye ndoano. Hatukununua kifaa chochote. Tulichohitaji ni mizani ambayo tayari ipo kijijini na nusu saa ya subira.

Ndugu Mhariri, najua madereva watanijibu kwamba mzigo ukiwekwa mbele pikapu inachuchumaa nyuma. Ni kweli, na hapa nyenzo inatufundisha tena. Chukua pikapu ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3, na ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 150 za mkono wa tela zitaongeza kilo 210 kwenye magurudumu ya nyuma na kuyapunguzia ya mbele kilo 60. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi, na usiku taa huangaza vilele vya mikorosho badala ya barabara. Dawa yake si kuurudisha mzigo nyuma ya tela. Dawa ni kupunguza magunia kwenye bodi ya pikapu, na yanayobaki kuyapanga karibu na kabini. Uzito ulioko kwenye ndoano ni sehemu ya mzigo wa pikapu, lazima uhesabiwe. Wengine huongeza majani ya springi wakadhani wamemaliza. Springi nzito huinua bodi, lakini haiongezi uwezo wa ekseli wala wa breki.

Huko Marekani familia nyingi huvuta kwa pikapu nyumba za magurudumu za kusafiria. Wao wana vifungio maalumu vyenye vyuma vya springi, vinavyorudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele, na vingine vya kuzuia mkia usiyumbe. Lakini hata huko, vifaa hivyo havisahihishi mzigo uliopangwa vibaya. Kama mwenye vifaa hivyo anatakiwa kwanza kupanga mzigo, sembuse sisi wenye ndoano ya kuchomelea?

Nikitaja ndoano, hapo pia tuna kasoro. Nimeona ndoano zilizochomelewa kwenye bampa. Bampa si kiungo cha kuvutia tani moja. Ndoano ifungwe kwenye chesisi kwa bolti imara, na fundi azikague nyufa kabla ya msimu. Ziwepo minyororo miwili, ipishane kwa umbo la msalaba chini ya mkono wa tela, ili pini ikichomoka mkono uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba ardhi. Kimo cha ndoano kiwe kile kinacholifanya tela likae sawasawa, lisiinamie mbele wala nyuma. Upepo wa tairi za pikapu uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa kiwango cha gari lenye mzigo. Tairi laini nyuma huifanya pikapu nayo icheze. Taa za nyuma za tela ziwake, maana pikapu imefichwa na mzigo na aliye nyuma haoni kingine.

Kuna pia matangi ya maji, ambayo kiangazi huvutwa sana. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, na maji hayakai mahali pamoja. Tangi lililojaa nusu ni hatari kuliko lililojaa pomoni, kwa sababu maji hukimbilia nyuma gari linapoondoka na mbele linapofunga breki. Basi lijazwe kabisa ikiwa gari linauweza uzito wake, la sivyo litumike tangi dogo.

Je, tela likianza kuyumba njiani dereva afanye nini? Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani unyooke, na aache mwendo ushuke wenyewe. Asikanyage breki kwa ghafla, asiongeze mafuta akidhani atalinyoosha, na asipambane nalo kwa kukata usukani huku na huku. Likitulia asimame, apange mzigo upya. Kabla ya mteremko aingize gia ndogo akiwa bado juu. Dereva wetu alifunga breki kama ambavyo mimi na wewe tungefanya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha.

Sasa natoa rai kwa wahusika. Kwanza, vyama vya msingi vya ushirika viruhusu mizani zao zitumike kupimia matela kabla msimu wa korosho haujaanza. Mizani haichakai kwa kupima tela. Pili, mafundi wa kuchomelea vijijini wafundishwe mahali pa kufunga ndoano na mahali pa kuweka ekseli, kwa sababu tela lililoundwa vibaya haliponi kwa kupanga mzigo. Tatu, askari wa usalama barabarani wanapokutana na tela wasiangalie stika peke yake, watazame pia mzigo umekaa wapi. Nne, wenye pawatila zenye tela wasidhani haya hayawahusu kwa vile mwendo wao ni mdogo. Ekseli yao nayo ni egemeo.

La tano linatuhusu sisi walimu. Kila mwaka ifikapo michezo ya shule za msingi, tunatafuta usafiri wa bei nafuu, na mara nyingi usafiri huo ni tela. Watoto 30 hupandishwa wakiimba, na wote husimama upande wa nyuma kwa sababu huko ndiko kwenye kutazama. Mifuko ya saruji angalau hukaa pale ulipoiweka. Watoto hukimbilia upande mmoja wakiona nyani. Hakuna mpangilio wa mzigo utakaolifanya tela kuwa gari la abiria. Mimi nimekwisha sema katika kikao chetu kwamba mwanafunzi wangu hatapanda tela tena, hata kama tutakwenda kwa miguu au tutakosa kushiriki. Wapo walioniona ninakwamisha michezo. Nawaomba wakamtembelee yule utingo, ambaye sasa anatembea kwa kuchechemea, kisha tuzungumze.

Mwaka huu somo la nyenzo sikulifundishia ubaoni. Niliwatoa watoto nje, tukasimama kando ya tela lile lile, nikamwita mmoja auinue mkono. Aliposhindwa, darasa lilimcheka. Nikawaambia wasicheke, kwani tela linaloshinda kuinuliwa na mtoto ndilo linalofika salama. Nitafurahi kama wazazi wao nao watalisikia somo hilo kabla ya magunia ya kwanza kupakiwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbekenyera, Ruangwa,
LINDI.