Risasi Yenye Jina na Risasi Isiyo na Jina

Soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, limekaa kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Msimu wa mavuno fedha taslimu hupita pale kwa wingi, maana mkulima aliyesafirisha magunia yake hataki ahadi, anataka kulipwa mkononi. Ni watu wa biashara ya namna hii wanaofikiria kumiliki bastola kwa leseni. Si mbali na soko hilo, wakulima wanaolinda mahindi na alizeti dhidi ya nguruwe pori na ngedere hufikiria gobore. Silaha hizi mbili zimo katika wilaya moja, na kila mmoja husema anajilinda. Mjadala wetu wa usalama huishia kuuliza nani ana silaha. Ni mara chache sana tunauliza risasi iliyomo ndani imetengenezwa na nani.

Naamini swali hilo la pili ni la kisiasa kuliko linavyoonekana, nalo ndilo ninalotaka kulijadili leo.

Risasi kamili ya bastola ina viungo vinne: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kwenye kitako, baruti, na kichwa kinachotoka mtutuni. Kiwandani viungo hivyo hukusanywa kwa mashine, na sampuli za kila toleo hupimwa kabla ya kwenda sokoni. Lakini Marekani, Afrika Kusini na kwingineko wapo wawindaji na walenga shabaha wanaookota maganda yaliyokwisha kutumika na kuyajaza upya nyumbani. Husema wanaokoa fedha, na kwamba risasi waliyoijaza kwa mikono yao huifaa bunduki yao kuliko ya dukani. Sina sababu ya kuwabeza. Wengi wao ni watu makini. Sheria ya silaha ya Afrika Kusini ya mwaka 2000 inawatambua: mwenye leseni anaruhusiwa kujaza risasi za silaha yake mwenyewe, ila fataki alizo nazo zisizidi 2,400 kwa kila silaha aliyoisajili. Hapo hata mkono wa mtu binafsi umewekewa daftari.

Hata hivyo, karatasi ya shabaha haina ndugu wa kudai haki. Risasi ya kujilinda inayompata binadamu hailali pale inapoangukia, bali huingia kituo cha polisi, maabara, na hatimaye mahakamani. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujilinda yeye, mwenzake na mali yake, lakini papo hapo inamfunga kutumia nguvu ya kadiri tu, ile inayohitajika kwa ulinzi huo. Akipita kiasi, anawajibika kwa kosa lililotokana na nguvu hiyo. Kwa hiyo mwenye bastola hatakiwi tu kuokoka usiku ule. Anatakiwa kesho yake aweze kueleza umbali aliofyatulia, idadi ya risasi alizotumia, na hali iliyomlazimisha. Sehemu kubwa ya maelezo hayo hupimwa kwa vitu visivyosema uongo kwa urahisi: masizi ya baruti kwenye nguo, alama kwenye ganda, umbo la jeraha.

Wamarekani waliwahi kuonjeshwa jambo hili katika shauri la jimbo la New Jersey lililotokana na kifo cha mwaka 1989. Mwanamke alikufa kwa risasi ya kichwa, na mumewe akasema amejipiga mwenyewe. Bastola ilikuwa na risasi alizozijaza mume kwa mkono, akitumia baruti kidogo kuliko kawaida. Vipimo vya masizi vilivyofanywa kwa risasi za kiwandani havikulingana na maelezo yake, na hapakuwa na njia ya kuthibitisha kwamba risasi iliyoua ilijazwa kama alivyodai. Baada ya kesi kurudiwa alitiwa hatiani kwa kuua kwa uzembe. Mimi siwezi kusema kama alikuwa mkweli. Ninachoweza kusema ni kwamba aliingia mahakamani akiwa na neno lake peke yake, maana mtengenezaji wa risasi, mtunza kumbukumbu zake na mshtakiwa walikuwa mtu mmoja. Hakuna mahakama makini inayoweza kumfanya mshtakiwa awe maabara ya kesi yake mwenyewe.

Kwa mwenye bastola wa Kibaigwa, basi, jibu langu ni la moja kwa moja: achague risasi ya kiwandani, iliyonunuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, na risiti aitunze. Si kwamba inapiga kwa nguvu zaidi. Risasi hiyo ina shahidi asiye yeye.

Shahidi huyo hamlindi raia dhidi ya dola tu. Humlinda raia pia kwa kuifichua dola. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ya Geneva ilichapisha uchunguzi kutoka Turkana Kaskazini, nchini Kenya. Watafiti walisoma alama zilizogongwa kwenye vitako vya risasi zilizokuwa mikononi mwa wafugaji, wakazilinganisha na za polisi. Alama zilifanana, na nyingi zilikuwa za kiwanda cha serikali cha Eldoret. Kwa herufi chache tu kwenye shaba, ikabainika kwamba risasi za umma zilikuwa zikivuja kwenda kwenye vita vya mifugo. Ganda lililojazwa upya lisingetoa ushahidi huo. Kitako chake hutaja kiwanda, na tumboni mna kazi ya mtu mwingine. Ni barua yenye sahihi ya fulani na maneno ya mwingine.

Hadi hapa hoja ni nyepesi. Ugumu unaanza tunapotoka sokoni kwenda shambani.

Mwenye gobore hana uchaguzi kati ya risasi ya mkono na ya kiwandani. Silaha yake haijui ganda. Humiminwa baruti mdomoni, hutiwa gololi au vipande vya chuma, kisha hushindiliwa kwa mdeki. Kiasi cha baruti ni makadirio ya kiganja. Ikizidi, mtutu hupasuka usoni mwa mfyatuaji. Vipande vikitawanyika, havimchagui nguruwe na kumwacha mtoto aliye nyuma ya kichaka. Na baada ya tukio hakuna kitako cha kusoma.

Lakini tusijidanganye kwamba mkulima amebaki na gobore kwa kupenda mambo ya kale. Silaha hiyo ilibakizwa Afrika kwa sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa na risasi zake katika eneo lote lililo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ambamo nchi yetu imo yote. Kilichoachwa wazi kwa Mwafrika, chini ya usimamizi wa maghala ya serikali, ni gumegume lisilo na mifuo mtutuni na baruti ya kawaida. Mkataba ulijipamba kwa lugha ya kukomesha biashara ya utumwa. Kwa vitendo, uliigawa risasi kitabaka: ganda la kiwandani kwa mtawala na watu wake, baruti ya kushindilia kwa mtawaliwa. Ugogo, ambako misafara ya pembe ilipita na watemi wakaitoza hongo, uliingia karne ya 20 ukiwa upande wa pili wa mstari huo.

Mstari ule haujafutika. Umebadilisha tu kipimo chake, kutoka rangi kuwa kipato. Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimbagui mtu kwa asili yake, na imefanya vyema kuweka usajili na kuharamisha utengenezaji usio na kibali. Lakini leseni ina ada, maombi yana safari, na risasi halali ina bei. Mfanyabiashara anavimudu. Mkulima wa ekari tatu havimudu, naye ndiye anayeishi mbali zaidi na kituo cha polisi. Nyanda hizi tumeziona zikitoka damu: mgogoro wa Emboley Murtangos wilayani Kiteto, ulioua wakulima na wafugaji mwaka 2014, uliwagusa watu wengi wenye asili ya Kongwa waliokwenda kulima huko. Anayekumbuka yale hashawishiki kwa urahisi kwamba hahitaji chochote nyuma ya mlango.

Wapo wanaharakati wanaohitimisha kutokana na haya kwamba mkulima aachiwe gobore lake. Sikubaliani nao. Silaha isiyo na kumbukumbu haimwinui mnyonge. Huwaweka majirani zake, ambao ni wanyonge wenzake, kwenye mashaka. Wapo pia watumishi wa umma wanaodhani kazi imekwisha silaha ikishakusanywa. Nao sikubaliani nao. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili kwa waliosalimisha silaha haramu kwa hiari. Ilikuwa hatua njema. Lakini aliyerudisha gobore alirudi kwenye shamba lilelile, kwa nguruwe walewale, na umbali uleule hadi polisi. Aliyenyang'anywa ulinzi wake bila kupewa mwingine atakwenda kwa mhunzi mwingine.

Kongwa inayo historia inayoweza kutufundisha. Kuanzia mwaka 1964 kambi yake iliwapokea wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU na MPLA. Hakuna aliyetilia shaka haki ya mapambano yao. Hata hivyo Tanzania haikuwaachia silaha zizagae. Zilipitia Kamati ya Ukombozi na mikono ya jeshi letu. Uhalali wa madai haukuondoa hitaji la hesabu. Na serikali iliyodai hesabu hiyo ilibeba, kwa upande wake, wajibu wa kuwahifadhi waliokuwa wageni wake. Pande zote mbili za mapatano zilikuwepo.

Hapo ndipo ninaposimama. Dola ina haki ya kudai kwamba kila risasi nchini iwe na jina: alama kwenye kitako, jina la mnunuzi kwenye daftari la muuzaji, na hesabu ileile ya wazi kwa risasi za askari, ili yaliyoonekana Turkana yasitupate. Lakini haki hiyo ina bei, na bei yake ni ulinzi unaofika. Kila halmashauri inayopanga kukusanya magobore iweke kwenye mpango huohuo askari kata mwenye usafiri, askari wa wanyamapori anayeitika akiitwa, na fidia ya mazao inayolipwa kabla ya msimu mwingine wa kilimo. Wanafunzi wangu wa sera wakisoma bajeti ya wilaya yoyote, wazitafute hizo safu mbili na kuona kama zimekaa pamoja.

Mkulima akishaona gari la askari likifika usiku alioliita, hatahitaji kuhubiriwa juu ya gobore. Mpaka siku hiyo, tunamdai kumbukumbu mtu ambaye sisi wenyewe hatujamwandika popote.